Barua ya wazi: Watoto wa selimundu wapewe foliki isiyo na chuma, na wasiishie kwenye foliki

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi – TAMISEMI,
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa.

YAH: VIDONGE VYA FOLIKI ASIDI KWA WATOTO WENYE SELIMUNDU

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa mtoto mwenye selimundu na katibu wa kikundi cha wazazi katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Sikusomea udaktari. Ninayoyajua nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki, kwa kuwauliza wauguzi wenye subira na kwa kusoma, maana mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani akikaa bila kuuliza huumia yeye na mwanawe.

Nawaandikia kuhusu kidonge kidogo cha njano, foliki asidi ya miligramu 5, vitamini inayousaidia mwili kutengeneza damu. Najua mnashughulika na makubwa. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia uloto watoto wenye selimundu, na habari ile ilipotangazwa kuna wazazi wa kikundi chetu waliotokwa na machozi. Mtanisamehe basi nikiwateremsha hadi kwenye dirisha la dawa la zahanati, ambako watoto wengi zaidi wa selimundu nchini huanzia matibabu, na wengi huishia hapo hapo.

Mama amefika na daftari la mtoto. Ndani limeandikwa foliki asidi, 1×1, siku thelathini. Mhudumu anafungua kabati, anapekua, anarudi na kopo jingine. "Mama, foliki peke yake zimeisha. Chukua hizi, nazo ni za damu." Vidonge vinahesabiwa kwenye trei, vinatiwa kwenye bahasha, na juu ya bahasha yanaandikwa yale yale: 1×1. Mama anasema asante dada, anamfunga mtoto mgongoni, anaondoka. Vidonge vya mwezi uliopita vilikuwa vya njano. Hivi vina rangi ya damu ya mzee. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa nayo imebadilika.

Vile vya damu ya mzee ni fefo, vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito. Kidonge kimoja huwa na chuma halisi kama miligramu 60, na foliki isiyozidi miligramu 0.4. Kwa mjamzito ni dawa nzuri na sina ugomvi nayo, nimeimeza mwenyewe. Lakini piga hesabu ya mtoto wa selimundu aliyeandikiwa foliki miligramu 5: amepewa chini ya sehemu moja ya kumi ya alichoandikiwa, halafu amebandikiwa na chuma ambacho hakuna daktari aliyekiagiza.

Kosa hili ni rahisi kufanyika kwa sababu kila mtu anajua kwamba upungufu wa damu hutibiwa kwa chuma. Ndivyo ilivyo kwa watoto wengi. Damu ya mtoto wa selimundu hupungua kwa njia nyingine. Chembe nyekundu za mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi. Zake huishi siku 10 hadi 20, zinapinda, zinakakamaa, zinavunjika. Zikivunjika, chuma kilichokuwemo hakitoki nje, mwili hukirudisha ghalani. Akizidiwa na kuongezewa damu, kila chupa inaingia na miligramu 200 au zaidi za chuma kipya, na binadamu hana mlango wa kukitolea. Kikirundikana kwa miaka huenda kukaa kwenye ini na moyo. Mtoto ambaye ameshaongezewa damu mara kadhaa ndiye wa mwisho anayepaswa kupewa vidonge vya chuma kila siku bila kupimwa.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Wapo watoto wa selimundu waliopungukiwa chuma kwelikweli, kwa minyoo au kwa chakula kibovu. Hao wapewe chuma, na mwezi mmoja wa fefo haujamwua mtu kwa kumeza kimoja kwa siku. Ninachopinga ni kwamba uamuzi unafanywa na kopo lililobaki kabatini. Chuma kitolewe kwa sababu kipimo kimesema, na pale ambapo kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, hakipo, ambapo ni karibu kila mahali ngazi ya chini, basi kitolewe na daktari anayejua kwamba huyu ni mtoto wa selimundu na ameongezewa damu mara ngapi.

Kuna jambo la hatari zaidi ambalo huenda halifiki kwenye taarifa zenu. Mzazi akisikia kwamba fefo ina foliki kidogo, wazo la kwanza linalomjia ni kuongeza idadi. Tumelisikia kikundini: "Si nitampa tu vitatu?" Vitatu havifiki hata robo ya foliki aliyoandikiwa; anayetaka kuifikia miligramu 5 atapita vidonge kumi. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge kumi ni miligramu 600 za chuma, yaani miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, na hicho ni kiwango kinachoweza kuua. Sizungumzii mtu anayetaka kumdhuru mwanawe. Nazungumzia mtu anayefuata hesabu ambayo hakuna aliyemwonya juu yake. Tena vingi vya vidonge hivyo vimepakwa sukari kwa nje, vinang'aa, na mdogo wake aliye nyumbani akifikia bahasha atadhani ni pipi.

Kuhusu chuma na watoto katika nchi yenye malaria, funzo letu liko hapa hapa nyumbani. Pemba, watoto wenye umri chini ya miaka mitatu waliingizwa kwenye utafiti mkubwa wa kuwapa chuma na foliki kila siku. Agosti 2003 sehemu ya chuma na foliki ilisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yalipochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na hatari ya kulazwa au kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na selimundu, na imeshaeleweka baadaye kwamba pale malaria inapokingwa na kutibiwa vizuri hatari hiyo hushuka. Lakini tangu hapo Shirika la Afya Duniani halizungumzii tena chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria bila kutaja kinga ya malaria pamoja nacho. Iweje basi kundi la watoto wanaouawa na malaria upesi kuliko wengine ndilo lipewe chuma kwa kubahatisha, kwa kuwa njano zimeisha?

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wazazi wenzangu hawatalipenda. Foliki yenyewe, hata ile safi ya njano, haijathibitishwa kwamba inapunguza maumivu au kulazwa.

Sababu ya kuitoa ni ya maana. Uboho wa mtoto wa selimundu, yaani uloto wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unafanya kazi usiku na mchana kuziba pengo la chembe zinazovunjika, na kila chembe mpya inahitaji foleti, vitamini ile ile iliyomo kwenye kidonge cha foliki, ili ikamilike. Foleti ikiisha mwilini, uboho hutoa chembe kubwa, changa, zisizo na kazi, na himoglobini ambayo tayari ilikuwa 7 au 8 inazidi kuporomoka. Mantiki hiyo hakuna anayeipinga. Lakini wachambuzi wa tafiti walipotafuta majaribio ya kisayansi yaliyogawa watoto kwa kura, wengine wapewe foliki na wengine wasipewe, walipata moja tu. Lilifanyika Jamaika, likachapishwa 1983, likahusisha watoto 117 kwa muda wa mwaka mmoja. Foleti kwenye damu ilipanda kwa waliopewa. Himoglobini, ukuaji na maambukizi havikutofautiana.

Wengine wakisoma hayo watasema basi tuache. Marekani, ambako tangu 1998 unga wa ngano na nafaka nyingine hurutubishwa kwa foliki kwa mujibu wa sheria, wapo madaktari wasiowaandikia tena kila mtoto. Mimi sikubali kwamba hoja hiyo inahamishika kuja Sengerema au Tarime. Jamaika ilitangazwa kuwa haina malaria katika miaka ya 1960. Sisi malaria tunaishi nayo, na kila homa ya malaria inavunja chembe nyingine nyingi juu ya zile zilizokuwa zikivunjika zenyewe. Unga nao? Kanuni za kurutubisha unga tunazo tangu 2011, na unga wa ngano wa viwandani kweli una foliki. Lakini nyumba nyingi za huku hula sembe au dona iliyosagwa mashine ya mtaani, au ugali wa udaga wa muhogo, na mwenye mashine ya mtaani hana kirutubishi, ana mkanda na injini. Maharage, kunde, mchicha na matembele vina foleti ya kutosha. Halafu tunavichemsha mpaka basi na maji yake tunamwaga, kwa hiyo nyingi inaishia jalalani.

Kwa hiyo msimamo wetu kikundini ni huu: foliki iendelee kutolewa. Ni ya bei ndogo, madhara yake ni machache, na kwa mtoto asiye na uhakika wa mboga ina sababu. Ila msije mkatuambia kwamba tumeshatibiwa kwa kuwa tumepewa foliki.

Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko kabati tupu. Katika vituo vingi vya chini, foliki imegeuka kuwa jibu la kila swali. Mtoto ana selimundu? Mpe foliki. Anaumwa miguu? Aendelee na foliki, anywe maji mengi. Amepauka? Foliki, rudi mwezi ujao. Mzazi anarudi nyumbani na bahasha mkononi, roho imetulia, mtoto "yuko kwenye dawa". Kwenye rejesta ameandikwa amehudumiwa. Na kwa maana ya rejesta kweli amehudumiwa.

Mtoto huyo mdogo anachokufa nacho ni bakteria. Bandama lake limeharibika mapema, kinga yake dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo imelala, na homa iliyoanza jioni inaweza kummaliza kabla ya asubuhi. Kwa hilo kuna penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku mpaka afike miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi ya nimokoka, bakteria wa nimonia, kwa asilimia 84, na jaribio likakatishwa mapema kwa kuwa ilikuwa dhambi kuendelea kuwanyima waliokuwa hawapewi. Ni miaka zaidi ya 35 imepita. Penisilini ya kunywa ya kipimo cha mtoto mdogo ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Nendeni mkaiulize kwenye dirisha lolote la zahanati, msijitambulishe.

Halafu kuna haidroksiyurea, dawa inayopunguza kupinda kwa chembe. Zamani tuliambiwa ni dawa ya nchi tajiri, eti kwa watoto wetu wenye malaria na utapiamlo ingekuwa hatari. Wakaja watafiti wakaijaribu Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, kwa watoto 606, na matokeo yakatoka 2019. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kulipungua mpaka theluthi moja ya ilivyokuwa. Malaria, ambayo ndiyo iliyoogopwa, ilipungua nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kilifi ni hapo mbele ya Mombasa, na Mbale ni mwendo wa siku moja kutoka kwetu. Watoto hao wanaumwa na mbu wale wale wanaotuuma sisi.

Kidonge cha foliki hakifanyi lolote kati ya hayo. Hakizuii bakteria. Hakizuii chembe kupinda. Kirusi cha parvo kikimwingia mtoto na kuusimamisha uboho kwa wiki nzima, himoglobini itaanguka hata kama foliki amemeza kila siku bila kukosa, na kitakachomwokoa ni mama aliyefundishwa kutazama weupe wa viganja na kukimbilia damu. Tunaomba kidonge hiki kipewe nafasi yake halisi, ambayo ni ndogo, ili kisiendelee kukalia nafasi ya dawa zinazookoa maisha.

Narudi kwenye kabati, kwa kuwa kuna jambo nililoelezwa na mhudumu mmoja wa dawa kwa upole sana na sikulisahau. Nilimuuliza kwa nini foliki safi huisha na fefo ipo. Akaniambia kituo huagiza kwa kutazama kilichotumika kipindi kilichopita. Foliki ikikosekana mwezi mzima, matumizi yake kwenye fomu yanaonekana madogo, kwa hiyo oda inayofuata nayo inakuwa ndogo, inaisha mapema zaidi, na oda ya baada ya hapo inazidi kushuka. Wakati huo huo fefo inapanda, kwa sababu watoto wetu wanaimeza. Huko juu mtu akisoma takwimu ataona wajawazito wanatumia sana na foliki haina wateja. Siku moja mjamzito atafika aambiwe fefo imeisha, na aliyemmalizia ni mwanangu.

Dawa ya hilo ni kuagiza kwa idadi ya watoto, siyo kwa historia ya kopo. Na kwa Kanda ya Ziwa takwimu za kuanzia zipo. Uchunguzi wa sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hii, uliochapishwa 2020, ulikuta asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe na asilimia 20.3 wamebeba kirithi (jeni) kimoja cha selimundu. Mtoto mmoja kati ya watano amebeba. Kwa nchi nzima makadirio yanayotajwa kila Juni 19, siku ya selimundu duniani, ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka. Basi chukua kata inayozalisha watoto 1,000 kwa mwaka: tarajia 12 wa selimundu. Kila mmoja kidonge kimoja kwa siku, hiyo ni 4,380 kwa mwaka, haifiki makopo manne na nusu ya vidonge elfu moja. Hata ukijumlisha wa miaka iliyotangulia, ni rafu moja ya kabati. Bohari inayosambaza dawa mpaka visiwa vya Ukerewe haiwezi kulemewa na rafu moja.

Wakati mwingine huwa najiuliza kama tatizo ni kwamba kidonge hiki ni rahisi mno. Dawa ya bei kubwa ina mtu wa kuifuatilia, ina wafadhili, ina semina. Hiki hakina wa kukisemea. Mwongozo wa matibabu uko Wizara ya Afya, zahanati iko TAMISEMI, ghala liko Bohari ya Dawa, na mzazi akiuliza anasukumwa kutoka meza moja kwenda nyingine kwa adabu kabisa. Ndiyo maana nimewaandikia wote watatu barua moja.

Kipimo nacho kinahitaji kutazamwa. Kwa kawaida mtoto chini ya mwaka mmoja huandikiwa nusu kidonge. Nusu hiyo tunaikata kwa wembe juu ya sahani. Kidonge ni kidogo, wembe ukiteleza kinagawanyika vipande vitatu na unga, na unakisia ipi ni nusu. Mwingine anakisaga chote kijikoni, anamwaga kiasi, anampa kilichobaki. Foliki ikizidi kidogo haidhuru, hilo linatufariji. Lakini orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina kidonge cha miligramu 1 pia. Kama kinaweza kuingizwa nchini kwa ajili ya wachanga, tutaacha kukata. Shida hiyo hiyo ni mbaya zaidi kwenye haidroksiyurea, maana kapsuli ya miligramu 500 haikutengenezwa kwa mtoto wa kilo 10 anayehitaji miligramu 200, na hiyo ni dawa ambayo kukisia hakufai hata kidogo.

Lipo na suala la SP, dawa ya malaria wanayopewa wajawazito kama kinga, ambalo sijaona likizungumzwa kliniki. Foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, kwa kuwa SP huua vimelea vya malaria kwa kuvinyima foleti. Utafiti kwa wajawazito wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2006, ulionyesha hivyo kwa miligramu 5, wakati 0.4 haikuwa na tatizo, na Shirika la Afya Duniani limeshaagiza kwamba foliki ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP. Watoto wetu wa kike wanakua. Wanaolewa, wanashika mimba, wanakwenda kliniki wakiwa na foliki yao ya utotoni mkobani, na pale wanapewa SP. Na kama mtaamua kutumia SP kuwakinga watoto na malaria, jambo ambalo sehemu nyingine za Afrika linafanyika, watoto wa selimundu wafikiriwe kabla ya siku ya kugawa.

Tunachokiomba, basi. Kwanza kabisa waraka mmoja mfupi, wenye saini zenu, unaosema kwamba mtoto mwenye selimundu asipewe fefo badala ya foliki asidi. Foliki ikiwa imeisha, mzazi aambiwe imeisha. Kukosa foliki kwa wiki mbili tatu ni afadhali kuliko kupewa chuma bila kujua, na ukiambiwa ukweli utainunua duka la dawa kwa pesa ndogo au utaongeza maharage. Waraka huo ubandikwe ndani ya dirisha la dawa, upande anaokaa mhudumu, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki peke yake na kopo lililobaki.

Pili, foliki safi iagizwe kwa hesabu ya watoto walioandikishwa, na ili waandikishwe wapimwe. Kipimo cha haraka cha tone la damu kipo, hakihitaji maabara ya mkoa, na mtoto anakuja zahanati mara kadhaa kwa chanjo kabla hajatimiza mwaka. Hatuhitaji kumtafuta, anakuja mwenyewe.

Kadi ya kliniki ya selimundu pia ibadilike. Iwe na nafasi ya penisilini, ya haidroksiyurea, ya chanjo ya nimokoka, ya kinga ya malaria, ya mara ngapi ameongezewa damu, na ya mama kufundishwa kupapasa bandama. Foliki iwe na mstari wake mmoja kati ya hiyo. Mtoto ambaye mistari mingine yote iko wazi asihesabiwe kuwa amehudumiwa, na mganga mfawidhi aulizwe kwa nini iko wazi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na tuna matumaini nayo, lakini kitakachotuonyesha kama inatuhusu ni kama kifurushi cha msingi kitabeba haidroksiyurea na vipimo vyake vya damu vya kila baada ya miezi michache. Foliki tunaweza kujinunulia. Hiyo hatuwezi.

Na la mwisho, utafiti. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, chini ya kazi iliyoanzishwa na Profesa Julie Makani na wenzake, na kundi lile ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Nchi yenye hazina hiyo haina sababu ya kuendelea kutegemea watoto 117 wa Jamaika wa miaka ya themanini ili kujua kama kidonge kinachomezwa kila asubuhi Misungwi kina kazi. Ijaribiwe miligramu 1 dhidi ya 5. Ijaribiwe kwa watoto walio kwenye haidroksiyurea, ambao chembe zao huwa kubwa kwa dawa yenyewe hivi kwamba ukubwa wa chembe hauwezi tena kutuonyesha kama foleti imepungua. Majibu yakisema foliki haina faida tutaacha kuimeza, na hatutalalamika. Watoto wetu wameshameza vidonge vya kutosha.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chini ya mwembe wa shule, baada ya kliniki. Jibu lenu la maandishi, hata likiwa la kurasa mbili, tutalisoma pale kwa sauti, kisha tutalipeleka kwa mganga mfawidhi wa kila zahanati tunakochukua dawa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, kikundi cha wazazi wa watoto wenye selimundu,
Kanda ya Ziwa.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Serikali.
Waganga Wakuu wa Mikoa, Kanda ya Ziwa.
Wabunge wa Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya.